Mazulia Juu ya Vigae Vyangu

Nitasema mapema tusisumbuane: nilimwonea wivu mbwa. Na hata si mbwa mkubwa wa kulinda geti, ambaye mtu angeweza kujifariji kwamba angalau ameshindwa na mnyama wa maana. Kambwa kadogo, uzito wake robo ya mfuko wa gundi ya vigae, masikio yamelala kama yamechoka kusikia maneno yetu. Anaitwa Kifungo, kwa sababu ya pua yake nyeusi ya duara. Aliyempa jina hilo ni mke wangu, ambaye mimi hajawahi kunipa jina la mapenzi zaidi ya Fundi.

Sina la kulalamika hapo, maana kweli mimi ni fundi wa vigae. Yeye ni mwalimu wa chekechea, nami namwita Mwalimu, na tumekwenda hivyo miaka ishirini na mmoja. Tuna binti mmoja, anasoma chuo mji mwingine. Alipoondoka nyumba ilipooza, ndipo Mwalimu akaja siku moja na kambwa ndani ya mkoba wa madaftari. Hakuniuliza. Aliniambia tu nisogeze miguu.

Sasa, huyo Kifungo alianza kuchechemea. Anakimbia hatua tatu, anakunja mguu wa nyuma wa kushoto, anarukaruka na mitatu iliyobaki, kisha anaushusha kana kwamba hakuna kilichotokea. Daktari wa mifugo alimpapasa akasema pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inahama mahali pake, inateleza kwenda upande. Dawa yake ni upasuaji. Kisha akauliza kitu ambacho sijakisahau mpaka leo.

"Nyumbani kwenu sakafu ni ya aina gani?"

Mwalimu akanitazama.

"Vigae," nikasema. "Nimeviweka mwenyewe."

"Vinateleza?"

"Vimenyooka," nikasema. Mtu hawezi kumwuliza fundi swali kama hilo mbele ya mke wake.

Daktari akaeleza kwa upole kwamba vigae havikumletea ugonjwa, kazaliwa nao, ila sakafu ya kung'aa humaliza kazi. Baada ya upasuaji akae wiki nane bila kuruka, bila kukimbia, bila kupanda kiti, na asikanyage mahali panapoteleza. Akiteleza kabla goti halijashika, kila kitu kitaharibika, na hakuahidi kwamba lingeweza kutengenezwa mara ya pili.

Siku hiyohiyo Mwalimu alifunika nyumba. Alitandika mazulia ya zamani, blanketi la binti yetu, mkeka wa mpira wa mlangoni, hata taulo langu la kuogea. Kwenye korido nilikuwa nimetengeneza nyota kubwa ya vipande vya rangi, vipande vilivyobaki kazini, nimevikata kimoja kimoja kwa mkono, Jumapili kumi na moja nimepiga magoti pale. Kila mgeni alikuwa akisimama aitazame. Mwalimu akaitupia zulia la kahawia lenye doa la chai, akaendelea na shughuli zake.

Kizimba cha waya kikawekwa sebuleni, mahali pa kiti changu. Kiti changu kikahamia karibu na choo.

Kifungo akapasuliwa, ndipo ikaanza enzi yake. Asubuhi dawa ya maumivu ndani ya kijipande cha yai. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi. Baada ya hapo kukunja goti taratibu na kulinyoosha, mara kumi, na Mwalimu anahesabu kwa ile sauti ya chekechea: "Mojaaa. Mbiliii. Hodari wa mama!" Kwenda nje kukojoa, kitaulo kinapitishwa chini ya tumbo ili mguu usibebe uzito, na yeye anatembea kama sanduku linaloshushwa garini. Shingoni kavaa koni ya plastiki asije akalamba mshono. Mwalimu alitandika godoro sebuleni alale karibu naye, asije akaamka peke yake na kuogopa.

Mimi niliamka peke yangu wiki nzima. Sikuulizwa kama niliogopa.

Binti yetu akawa anapiga simu kila jioni. "Baba, Kifungo anaendeleaje? Amekula? Niwekee nimwone." Naelekeza simu kwenye kizimba, binti na mbwa wanaonyeshana mashavu na mapua, halafu simu inakatwa. Jioni moja nikasema haraka kabla hajakata, "Na mimi sijambo." Akacheka akasema, "Baba bwana!" Akadhani ni mzaha.

Sasa niseme jambo lenyewe. Magoti yangu yalikuwa yameharibika. Kazi ya vigae ni kazi ya kupiga magoti, na mimi nimepiga magoti miaka ishirini na mitano juu ya saruji. Kwa miaka mitatu yalikuwa yakiwaka moto, la kulia zaidi. Nilificha vidonge kwenye sanduku la vifaa, nikajimwagia maji ya baridi bafuni mlango umefungwa. Wateja sikuwaambia, maana nani atampa kazi fundi asiyeweza kuinama? Mwalimu naye sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe. Nilikuwa nikikaa kitini naguna kwa makusudi. Nikikosa jibu, nanuna. Nikiulizwa nina nini, nasema sina kitu, tena kwa sauti ya kumfanya mtu ajue kuna kitu.

Na sasa mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya goti la mbwa, analipapasa kwa vidole viwili na kuliambia pole. Siku moja nikaguna kwa nguvu zote.

"Shh!" akasema. "Ndiyo kwanza amelala."

Roho iliniuma, sitaki kutia chumvi, iliniuma kama ya mtoto aliyenyang'anywa.

Likizo ya Mwalimu ilipokwisha, zamu ya asubuhi ikawa yangu mpaka saa sita, yeye akirudi. Nilifanya shingo upande lakini nilifanya sawasawa. Barafu, goti, kitaulo. Kifungo alinivumilia. Mimi ninamkunja mguu, yeye kaukazia macho mlango. Tunatoka, anakojoa, tunarudi, hata mkia hautikisiki. Geti likilia saa sita, basi koni inagonga waya, anatetemeka mwili mzima kwa furaha. Nikaona nimeonewa pande zote mbili: mke anampenda mbwa, na mbwa anampenda mke.

Wiki ya tano akaja mteja, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, anataka sakafu nzima ibadilishwe. Alisema kwanza aone kazi yangu. Nikamwambia aje saa tano, na kabla hajafika nikakunja mazulia yote, nikayasimamisha ukutani, nikapiga deki mpaka nikajiona uso.

Alisimama juu ya nyota akaifuata kwa macho pembe moja baada ya nyingine. Mwishowe akauliza, "Hii umeikata kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Fundi, wewe una mikono."

Kichwa kikavimba. Alipoondoka sikuwa na haraka ya kutandika tena. Nilisimama nikaitazama kazi yangu, mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Kifungo naye alikuwa ananitazama kutoka kizimbani. Mwalimu alikuwa amepanga kwamba Jumamosi atembee hatua zake za kwanza bila kitaulo, kwenda kwake, na binti yetu aone kwenye simu. Walikwisha kupanga hata saa. Mimi nilipangiwa kushika simu.

Nikasema kimoyomoyo: leo atembee kuja kwangu.

Nilichukua kipande cha yai, nikafungua kizimba, nikamvua koni, nikarudi kinyumenyume mpaka katikati ya nyota. Nikachuchumaa, magoti yakapiga kelele, nikayapuuza. "Kifungo. Njoo kwa baba." Sikuwahi kujiita hivyo mbele yake.

Alitoka. Hatua moja, mbili, tatu, mguu wa kushoto unakanyaga kabisa. Ya nne. Mkia ukatikisika. Najua ulitikisikia yai, lakini ulitikisika kwangu, na mimi mtu mzima niliona macho yanajaa maji.

Geti likalia.

Aligeuka ghafla akachomoka kuelekea mlangoni. Juu ya vigae vilivyopigwa deki miguu ya nyuma ikafunguka kama mkasi, akaanguka ubavu, na ule mlio aliotoa sitaki kuusikia tena. Nilijirusha nimshike. Sikumfikia. Magoti yangu yote mawili yalitua juu ya kigae kwa wakati mmoja, na kitu ndani ya la kulia kikaachia.

Mwalimu akaingia na mkoba wake wa madaftari. Alimwona Kifungo, akaniona mimi nimepiga magoti, akayaona mazulia ukutani.

"Umetoa mazulia," akasema.

"Kulikuwa na mteja..."

"Na kizimba kilijifungua chenyewe?"

Alimfunika Kifungo kwa mtandio wake, akamnyanyua taratibu huku mkono mmoja umeshika mguu. "Inuka uendeshe gari."

Nikajaribu. Goti likakataa. "Siwezi," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayesoma barua mbaya. "Huwezi?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno mawili tu yangetosha. Lakini alikuwa amemkumbatia yule mbwa kifuani, na hata saa ile, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Nikasema, "Nenda tu."

"Sawa, Fundi," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, akaenda.

Nilibaki pale sakafuni. Nilitambaa, nikavuta zulia moja moja, nikatandika nyumba nzima kwa kutambaa, na nyota yangu nikaifunika ya kwanza. Nikaomba goti la Kifungo liwe zima. Nilijua likivunjika, Mwalimu hatanifokea. Atanipikia, atanisalimia, atafua nguo zangu, na hatanisamehe.

Ilikuwa alasiri aliporudi. Akamlaza kizimbani, akafunga. Bila kunitazama akasema, "Picha inaonyesha pia ya goti iko mahali pake. Msuli tu umevutika. Ila aanze upya kutulia, wiki mbili zaidi." Akavua viatu. Ndipo akageuka. "Mbona bado umekaa chini?"

"Siwezi kusimama, Mwalimu."

"Fundi, leo usinichezee."

Nilipandisha suruali. Goti la kulia lilikuwa limevimba mpaka halina umbo. Alikaa chini mbele yangu taratibu sana.

"Leo hii?"

"Leo nimeanguka. Lakini yanauma tangu zamani."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

Nilitarajia anipe pole, na nilikuwa tayari kuipokea kwa kununa kidogo, maana ilikuwa imechelewa.

"Ulikuwa unamwonea wivu mbwa?" akauliza.

"Ndiyo."

Hakucheka. Ningependa angecheka. "Goti lilipomuuma Kifungo, alilia," akasema. "Nikamsikia. Wewe lilipokuuma ukaninunia. Unarudi kutoka kazini umekunja uso, nikikugusa unasogea, nikikuuliza unasema huna kitu. Miaka mitatu, Fundi, nimekuwa najiuliza nimekukosea nini. Nikachoka kujiuliza. Nikaleta mbwa."

Sikujua niweke wapi macho. Aliinuka akaleta barafu kwenye kitambaa, kitambaa kilekile cha Kifungo, akakiweka juu ya goti na kubonyeza pembeni kwa vidole viwili, vilevile nilivyoviona kwa wiki tano.

"Hapa panauma?"

Mambo niliyoyatamani miaka yote hiyo yalikuwa mkononi mwake, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, kwa mazoea, "Hapaumi."

Akaondoa mkono. Hakukasirika, aliuondoa tu, akaacha barafu, akasimama akaanza kwenda jikoni. Nilimwona mgongo unavyokwenda, na nikaelewa kwamba akivuka ule mlango hataniuliza tena.

"Panauma," nikasema.

Akasimama. "Wapi?"

"Yote mawili," nikasema. "Sana, Mwalimu," na nikaanza kulia palepale, kwa sauti, mbele ya mbwa.