Jina la Mfano

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu, Jerusa alifuta vumbi kwenye skrini kwa ncha ya sweta, akazima simu, akafunga dirisha ili ngurumo ya kiwanda isiingie, kisha akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Akakohoa. Akasimamisha, akaanza upya. Hiyo ilikuwa mara ya nne na alikuwa hajafika hata kwenye salamu.

Alikuwa karani katika shamba moja la chai upande wa Kiptere, na kazi aliyopewa ilikuwa kutengeneza video ya mafunzo ya dakika tatu: kinachoonekana kwenye kompyuta, na sauti yake ikieleza. Ilikuwa iitwe "Jinsi ya Kumwondoa Mfanyakazi Kwenye Mfumo." Mashine za kuchuma chai zilikuwa zimeshushwa kutoka kwenye lori wiki iliyotangulia, na watu mia tatu walitakiwa kuwa wameondoka kabla ya Agosti. Makarani wa sehemu zote kumi na moja walihitaji kujua namna ya kuwaondoa bila kupiga simu kuuliza.

Programu ya kuhariri alifundishwa na Fancy, binti wa idara ya kompyuta, kwa siku mbili. Fancy alimwonyesha kukata kikohozi, kuunganisha vipande, kukuza maandishi madogo mpaka yasomeke na mtu aliyesahau miwani, na kufunika kisichotakiwa kuonekana. Hicho cha kufunika alikiita ukungu. Unavuta kisanduku juu ya maandishi na ukungu unatua, kama ule wa alfajiri juu ya majani. Jerusa, ambaye kwa miaka yake arobaini na sita hakuwahi kuhariri hata picha ya harusi, alishika yote upesi.

Shida ilikuwa jina. Video ilihitaji mtu wa kuondolewa, na ofisini hakuna aliyekubali kuwa mfano.

"Si yangu, Auntie," alisema Phelis, karani wa dawati la pili. "Mkono ukitereza ubonyeze Ndiyo, nitakula wapi?"

Hata mlinzi wa getini alikataa. Mwishowe meneja, Bwana Kiptanui, akachungulia mlangoni na kulimaliza jambo. "Chukua mmoja wa wale walitoka zamani. Mrudishe, halafu umfute. Huyo hatakuja kusumbua."

Akamwachia nenosiri lake, maana kurasa za waliotoka zilimfungukia meneja peke yake. Jerusa alijua namba moja tu kwa kichwa. Iliandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni mwa ovaroli iliyoning'inia nyuma ya mlango wake mwaka wa sita sasa. Akaandika 4417. Omollo, Seth. Huyo alikuwa mume wake, aliyekufa kiwandani pale mashine ya kusaga majani ilipomla mkono. Kampuni haikumpa Jerusa fidia, ilimpa kazi ya ofisini. Alilitamka jina lote kwenye maikrofoni, polepole kama Fancy alivyomwagiza, akabonyeza Rudisha. Mama mkwe wake alikuwa akisema marehemu haitwi bure, kwa sababu akiitwa huja kuuliza ameitiwa nini. Lakini mama mkwe hakuwahi kutengeneza video.

Jioni alipofika nyumbani, Laini C ya nyumba za kampuni, nyumba ya tisa, Omollo alikuwa ameketi kitandani akivua gambuti kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini. Maxine, binti yao wa kidato cha tatu, alikuwa akikatakata sukuma wiki.

"Baba amekuja," alisema.

"Nimemwona."

"Uliniita," Omollo akasema. "Kuna nini?"

"Ni mambo ya video."

Akaitikia kwa kichwa. Jerusa akamimina chai, na kwa furaha akakijaza kikombe mpaka kikafurika. Waliongea juu ya bati linalovuja na harusi ya dada yake Omollo kule Nyakach, mpaka ugali ukaiva.

Jumanne alimaliza rekodi. Futa, Ndiyo, Hifadhi. Saa saba alipokwenda nyumbani kula alikuta kikombe cha Omollo kiko nusu, kina moto bado, na gambuti moja imeanguka ubavu, mwenyewe hayupo. Akarudi ofisini bila kula, akabonyeza Rudisha, akaanza rekodi nyingine. Jioni Omollo alitaka kujua chai yake imekwenda wapi.

Basi Jerusa akawa mtu wa kikohozi. Kila akikaribia Ndiyo, alikohoa. Siku asiyokohoa alisema "nanii" mara tatu mfululizo, au aliiacha simu ilie katikati ya sentensi.

"Auntie, hii ni ya ishirini na sita," Fancy alimwambia. "Hizo kikohozi si tunaweza kata tu?"

"Nataka itoke safi."

Siku ya nane, Omollo alisukuma sahani pembeni. "Siku ile nilipokufa, wanasema mimi nilikuwa nani?"

"Wanasema ulikuwa umeacha kazi. Ati uliingia kiwandani kama mgeni."

"Asubuhi yake nilipiga kidole kwa mashine ya kuingilia. Na hicho kidole chenyewe walikiokota mle ndani." Aliongea bila hasira. "Tafuta mahali wameandika, uandike nilikufa nikiwa kazini. Hiyo tu. Halafu nitalala, na hata ukiniita sitakuja."

Jerusa hakupenda neno la mwisho, lakini mume ni mume. Kesho yake alifungua rekodi ya kwanza, akakuza mstari wa chini kabisa, ule ambao mfumo hujiandikia wenyewe na hakuna anayeusoma. Ameondolewa: Jumatatu, tarehe kumi na tatu. Pembeni yake, kwa herufi za ukubwa wa chawa: imeingizwa Jumanne, tarehe kumi na nne, saa kumi na dakika hamsini na mbili jioni, Kiptanui. Omollo alikufa Jumanne hiyo ya miaka sita iliyopita, saa nane mchana. Walimwachisha kazi akiwa mochari, wakampa tarehe ya jana yake. Na Jerusa, kila Krismasi kwa miaka sita, alikuwa amempelekea Kiptanui kuku wa shukrani kwa ile kazi ya ofisini. Alipowakumbuka wale kuku, masikio yalimwaka moto.

Hakufoka. Aliuacha mstari ule ukiwa umekuzwa kwa sekunde kumi nzima, akampelekea meneja video.

Kiptanui aliitazama mpaka mwisho, akairudia. "Kazi mzuri. Sauti inasikika. Lakini hapa chini weka ukungu."

"Hapo ndipo Omollo alipokufa, bwana."

"Najua. Ndiyo nasema weka ukungu." Akavuta droo, akatoa karatasi yenye orodha ya wale mia tatu. "Namba mia moja kumi na mbili ni wewe. Video ikiwa tayari Ijumaa, nitatoa jina. Na Maxine, anaendelea aje na shule?"

Maxine aliendelea vizuri. Alikwenda shule kwa miguu, dakika kumi, kutoka nyumba ya kampuni. Mnyonge hana haki, na Jerusa hakupewa hata wiki ya kuufikiria unyonge wake. Alhamisi alivuta kisanduku juu ya mstari. Ukungu ukatua.

Nyumbani alikuta ukungu umemfunika Omollo mdomo, kutoka puani hadi kidevuni. Alikuwa akisema jambo. Koo lilipanda na kushuka, na hakikutoka kitu. Maxine alimpangusa kwa kitambaa cha vyombo, akikamua na kupangusa tena, na kila alipopangusa ukungu ulirudi. Omollo alimgeukia mke wake, akamwonyesha mdomo. Jerusa aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ya mazishi.

"Kunywa chai," alimwambia.

Chai ilipita. Maneno ndiyo hayakupita.

Ijumaa alirekodi sauti upya mara moja tu, hakukohoa. Mwishoni aliongeza sentensi ambayo Fancy alimfundisha kufungia video zote za mafunzo: "Sasa jaribu mwenyewe, ukitumia namba hii hii."

Kiptanui aliwafungulia makarani wa sehemu zote kumi na moja kurasa za waliotoka, na makarani ni watu watiifu. Walijaribu. Rudisha, Futa, Rudisha, Futa. Jumatatu ya kwanza Omollo alikuja na kuondoka mara thelathini na nane. Alikata tonge, likabaki mezani peke yake. Alianza kuvua gambuti asubuhi na kufikia saa kumi jioni alikuwa hajamaliza hata moja. Maxine alijifunza kummiminia chai kidogo kidogo, vidole viwili tu, ili isimwagwe bure.

Julai orodha ilibandikwa. Namba mia moja kumi na mbili ilikuwa palepale. Kiptanui alieleza kwamba karatasi ilikuwa imeshatumwa makao makuu, na akamsifu tena kwa sauti yake. Aliyemwondoa ni Phelis, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Alifungua video, akafuata hatua moja moja, na Jerusa akasimama mbele ya dawati akijisikiliza, sauti safi isiyo na kikohozi hata kimoja, ikisema: sasa bonyeza Ndiyo.

"Pole, Auntie," alisema Phelis. "Lakini umeeleza vizuri sana."

Walihamia Nyakach, kwenye boma la Omollo, ambako kaburi lake liko hatua nane kutoka jikoni. Omollo hakuja nao. Kwenye mfumo makazi yake ni Laini C, nyumba ya tisa, na mtu huenda anakoandikiwa. Nyumba alipewa Onyancha, fundi wa zile mashine za kuchuma, kijana mwenye adabu ambaye humpigia Jerusa simu mara mbili au tatu kwa wiki.

"Mama, mzee amekuja tena," alisema juzi. "Amekaa kwa kitanda yangu, ananionyesha mdomo. Nimpe chai?"

Jerusa alikuwa akianika omena juu ya simenti ya kaburi, mahali pekee penye jua la kutosha.

"Mpe," alisema. "Lakini usijaze kikombe."