Glovu za Sponji

Kitambaa cha atlasi hakisamehe. Fundi cherehani alilijua hilo tangu alipokuwa akijifunza kushona, na ndiyo maana alitulia tuli aliposikia mkwaruzo mdogo chini ya kiganja chake. Aliuinua mkono taratibu. Uzi mmoja ulikuwa umefyatuka kifuani mwa gauni la bibi arusi, umesimama wima kama unywele wa mvi.

Mkosaji alikuwa sugu. Zilikuwa zimejipanga chini ya vidole vya mkono wake wa kulia, ngumu na zenye kingo, na zote alizipata kwenye kengele.

Kengele hizo hazikuwa za kulia. Katika ukumbi wa mazoezi uliokuwa nyuma ya duka la vipuri, ndivyo walivyoyaita matufe ya chuma yenye mpini juu, ambayo mtu huyabembeza katikati ya miguu, kisha huyapandisha mpaka juu ya kichwa. Fundi alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia humo. Mgongo uliokuwa umepinda kwa kuinamia cherehani ndio uliompeleka. Uliponyooka, akawaita wenzake. Miongoni mwa aliowaita alikuwamo mke wa kaka yake, mwoka mikate. Hapo ndipo alipojipalia makaa.

"Hodi, wifi! Mkanda wa aproni umekatika tena."

Mwoka mikate aliingia dukani akicheka, akaiweka aproni mezani, na mikono yake ikabaki juu yake. Fundi aliitazama. Ilikuwa laini, haina doa wala ukingo, ilhali mwenye mikono hiyo hunyanyua kengele nzito kuliko ya fundi.

"Mikono yako hiyo," alisema, "kama ya mtu anayelishwa."

"Nilishwe na nani? Na kaka yako? Labda anilishe maneno!"

Fundi hakucheka. Alilifunika gauni kwa shuka ili uzi ule usionekane. Moyoni alikwisha kutoa hukumu: huyu amejaliwa ngozi tu. Hakuna alichokitolea jasho. Wengine huzaliwa na ngozi, wengine huzaliwa na sugu.

Angeweza kuyameza hayo yote, lakini kocha wao alikuwa ametangaza jambo. Kocha, mwanajeshi mstaafu waliyemwita Afande, alitaka msaidizi wa kuongoza kundi la wanawake asubuhi. Jumamosi wangejaribiwa hadharani, na ambaye kengele ingekuwa bado mkononi mwake kipenga kikilia, ndiye angepewa kundi. Fundi aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu aolewe. Kundi lile alilikusanya yeye, mmoja mmoja, kwa kubembeleza na kwa kusuta. Je, sasa akae nyuma ahesabiwe pumzi na mtu ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono kumwingiza?

Akafanya ambalo fundi pekee angelifanya. Kwa mshonaji, kila kinachokwaruza dawa yake ni bitana. Alikata turubai, akaitia ndani sponji ile inayowekwa mabegani mwa makoti, akapiga mshono maradufu. Glovu zikatoka nene, imara na nzuri kutazama.

Alhamisi alizivaa ukumbini. Wanawake walizishangilia, na mmoja akauliza bei. Mwoka mikate peke yake ndiye aliyezibonyeza kwa kidole, kama anayepima unga uliokandwa.

"Zimeshonwa kweli, wifi. Ila sponji hii inaunenepesha mpini. Vidole vyako havitakutana, na mkono utachoka mapema."

"Aha."

"Tena wewe huukumbatia mpini kwa kiganja kizima, ndiyo maana ngozi inakunjika na kubanwa. Uache ukae hapa, kwenye mzizi wa vidole. Kengele ikipanda, legeza kidogo, ipate kugeuka. Chaki ya kukausha jasho paka kiduchu tu, kama ninavyonyunyiza unga ubaoni. Halafu nyumbani, ukishaoga..."

"Makubwa!" Fundi aliigeukia hadhira. "Mgeni leo anamwonyesha mwenyeji mlango wa jikoni!"

Wanawake waliangua kicheko. Mwoka mikate naye alicheka, lakini hakuimalizia sentensi yake.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walisimama mbele wawili tu waliojitokeza, wifi na wifi, kengele miguuni. Afande alipuliza kipenga, na vyuma vikaanza kubembea.

Mwanzoni mkono wa fundi ulistarehe. Sponji iliupokea mpini kama mto unavyopokea kichwa, naye akajiambia kwamba ameshinda. Lakini vidole vyake, vilivyotanuliwa na unene ule, vilikuwa vikishikilia kwa ncha tu. Ilimbidi akaze. Alipokaza, misuli ya mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko iliwaka moto. Sponji nayo ilianza kujikunja ndani ya turubai, ikasogea upande, na mpini ukaifuata.

Hata hapo angeweza kuibadili mikono, kwa kuwa Afande alikuwa ameruhusu. Hakubadili. Macho yake yalikuwa kwa jirani yake, yakingojea vidole vile laini viteleze. Anguka, alikuwa akisema moyoni. Anguka, japo mara moja.

Kengele ya mwoka mikate ilipanda, ikageuka polepole, ikatua juu ya mkono wake bila kishindo. Iliyoanguka ilikuwa ya fundi. Ilimponyoka, ikadunda kwenye mpira wa sakafu, ikabingirika mpaka miguuni mwa Afande.

"Pole, mama," Afande alisema, akaisimamisha kwa kiatu. Kisha akaendelea kumtazama yule aliyebaki, hadi kipenga kilipolia.

Jioni ile fundi alikuwa dukani akijaribu kuurudisha uzi ndani ya atlasi kwa ncha ya sindano. Kila alipolitegemeza gauni kwa kiganja, sugu zilidaka tena. Hodi ilipopigwa hakuitika. Mwoka mikate aliingia hivyo hivyo, na beseni la maji ya uvuguvugu.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kumalizia sentensi. Lete mkono."

"Sina haja."

"Bibi arusi anayo. Lete."

Fundi alilitazama gauni, akautia mkono majini. Ngozi ilipolainika, wifi yake alitoa jiwe la kusugulia miguu akaanza kuzisawazisha sugu taratibu, bila kuzikwangua hadi nyama. Viganja vyao vilipogusana, fundi alishtuka. Ule ulaini ulikuwa wa kutazamwa tu. Chini yake kulikuwa na sugu, kila moja mahali pake, zimesawazishwa mpaka hazina ukingo.

"Kumbe unazo!"

"Ulidhani nini? Kila jioni nasugua, napaka mafuta ya mgando, nalala na soksi mikononi. Kaka yako husema ameoa mwizi anayeficha alama za vidole."

Ngozi ya kujaliwa, fundi angeweza kuionea wivu mpaka kaburini bila kujilaumu. Soksi za kila jioni zilimnyima hata hilo.

"Mbona hukuniambia?"

"Lini? Umeitazama mikono yangu mwaka mzima, mdomo wangu hukuusikia hata siku moja."

Alimkausha, akampaka mafuta kidogo, akayafuta. Fundi aliupitisha mkono juu ya kipande cha atlasi kilichobaki. Haukutoa sauti.

"Jumatatu nitakuja," alisema bila kuinua macho. "Lakini sitakuita mwalimu."

"Niite wifi."

"Na nitasimama mstari wa mbele."

"Simama hata juu ya meza."

Wifi yake alipokwisha kuondoka, fundi aliivuta taa karibu, akauzamisha uzi ule mahali pake, na safari hii ukakaa. Kisha alizichukua glovu, akazifumua mshono baada ya mshono, huku akinung'unika kwamba soksi za yule bila shaka ni za kaka yake. Sponji haikupotea. Ilitosha mabega ya koti la mama wa bibi arusi.