Kitabu Tumboni mwa Bwana Manunuzi

Jumanne ndiyo siku ya kupokea mizigo, na kwenye mlango wa nyuma wa duka la vitabu foleni ilikuwa imeshafika kwenye mapipa ya taka. Sindano alisimama kati ya mzee mwenye katoni ya kalamu na mama mmoja aliyebeba ramani za kubandika ukutani. Alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, na kwa kuwa hasemi mpaka apate pa kupenyea. Mkononi alikuwa na mfuko wenye nakala tano za kitabu alichokiandika mwenyewe, akakipeleka kuchapishwa mwenyewe, na sasa anakitafutia rafu mwenyewe. Mlinzi alimuuliza ameleta bidhaa gani. Akasema kitabu. Mlinzi akaandika kwenye daftari lake: karatasi.

Kitabu kilimhusu kaka yake. Kaka alitumbukia kwenye pipa la kupikia sabuni kiwandani, na kesho yake kiwanda kikatoa orodha ya wafanyakazi, yeye hayumo. Hawakusema amekufa. Walisema hajawahi kuwepo. Mama alikwenda getini mara tisa, mara ya kumi miguu ikakataa. Ndipo alipomwambia bintiye, "Darasa la saba linatosha kuandika jina la mtu. Liweke mahali ambapo watu wasiotujua watalisoma. Sisi tunaomjua tumeshakuwa wachache."

Sindano akaandika miaka miwili, baina ya sketi za shule na mapazia.

Kabla ya Jumanne hiyo alianzia duka kubwa la vyakula. Meneja alikula sampuli ya kitabu amesimama, pale pale penye mizani, akajifuta mdomo na kusema hawezi kupokea kitabu kinachoisema vibaya sabuni inayojaza rafu zake mbili. Kwenye kiduka cha kituo cha mafuta, dada wa kaunta alichana kurasa za mwisho tu, akazitafuna, akarudisha zilizobaki zimelowa mate. Alisema wateja wake hawana muda. Sindano hakushangaa. Kila anayejichapishia anajua kwamba sampuli huliwa. Kinachouma ni kwamba wakishakula hawapigi simu.

Kwenye duka la vitabu, Bwana Manunuzi, ndiye anayeamua kitabu kipi kiingie dukani na kipi kirudi kwao, alimpokea kwenye chumba chenye feni na sinki. Aliuliza mchapishaji ni nani. Sindano akasema ni yeye. Msambazaji? Ni yeye.

"Na nani anakujua, binti?"

"Mama."

Bwana Manunuzi akacheka hadi kitambi kikagonga meza. Akajifunga taulo shingoni, akalowesha kidole, akaanza ukurasa wa kwanza. Alikula kwa utaratibu, anakunja, anatia mdomoni, anavuta pumzi puani. Wino ulimchuruzika pembeni mwa midomo, akaurudisha kwa ulimi. Alipomaliza nakala ya kwanza alisema hajapata ladha sawasawa, akaomba ya pili. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Huyu hakuvumilia lolote na alizila zote tano. Kisha akaiona pini kwenye ukosi wa fundi, akaiomba, akachokonoa meno, akaitazama nchani, akamrudishia.

"Tutakupigia," alisema.

Sindano alikwenda nayo ile pini mpaka nyumbani, ameishika mbali na mwili.

Wiki tatu zilipita. Siku moja mteja aliyekuja kupimwa gauni alisimama mikono juu, huku anajisemea sentensi moja nzuri kuhusu mluzi wa kaka mmoja. Sindano akatoa futi kiunoni, akamuuliza kaisikia wapi. Mteja akasema dukani, tumboni mwa yule bwana, na kwamba awahi mapema maana foleni ni ndefu.

Akamchukua Mama, wakaenda.

Bwana Manunuzi alikuwa ameketi mbele kabisa, karibu na kioo, mahali pa vitabu vipya. Shati lilikuwa wazi, na tumbo linang'aa kwa mafuta ya masikio ya watu. Juu ya kichwa chake waliweka kibao chenye picha yake mwenyewe. Wateja walipiga magoti mmoja mmoja, wakalaza sikio, wakasikiliza. Muuzaji alilifuta tumbo kwa tambara bichi baada ya kila mtu, tambara lile lile.

Zamu ya Mama ilipofika, alilaza sikio na kufumba macho. Aliusikia mluzi, viatu vilivyoazimwa, mvuke, ngazi isiyo na pa kushikia.

"Ni chenyewe," alimwambia bintiye. "Kinanuka, lakini ni chenyewe."

Kisha kikafika pale pa jina. Bwana Manunuzi akacheua, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama akangoja hadithi ifike tena penye jina. Bwana Manunuzi akacheua tena.

"Mwanangu jina lake liko wapi?" Mama aliuliza.

"Majina hayasagiki, mama yangu," alisema Bwana Manunuzi, kwa upole wa mtu anayeeleza habari za miiba ya samaki. "Yananikwama. Niliyatema kwenye sinki." Akamgeukia Sindano. "Binti, kusimulia unajua. Ukileta nyingine usitie majina."

Sindano alimtazama mdomoni, akaona katikati ya meno mawili kuna kipande cha karatasi. Hakuna kilichoandikwa juu yake.

Mama aliomba kuonyeshwa sinki, akapelekwa. Lilikuwa limesuguliwa asubuhi ile, jeupe pe. Akaingiza kidole kwenye tundu, akatoa nywele na njiti ya kiberiti. Akanawa, akarudi, akasimama mwisho wa foleni. Sindano alisimama nyuma yake.

Zamu yake ilipofika tena, Mama hakulaza sikio tu. Hadithi ilipofika pale, aligeuza uso, akaubana mdomo wake kwenye ngozi ile yenye mafuta, akalitamka jina la mwanawe, lote, na la baba yake.

Bwana Manunuzi akacheua. Watu wakacheka, maana hapo ndipo walipokuwa wakipangojea.

Muuzaji akapitisha tambara. "Anayefuata," alisema.