Umeme wa Bi Ghaliya

Umeme ule Takiya aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, na tusidanganyane, hakuna mwanamume pale kijijini aliyeamini kwamba ungewaka. Paneli alizinunua mitumba kule pwani, mjini Hudaida, akazipandisha mlimani kwa punda, akazikaza kwa nondo juu ya paa la udongo. Betri zilikuwa za malori. Nyaya aliziunganisha akiwa amekaa sakafuni, na kaka yake Hizam amesimama mlangoni anamcheka: "Dada, ukitulipua, tuachie angalau jiko."

Hakuhangaika hivyo kwa ajili ya televisheni. Mama yao, Bi Ghaliya, alikuwa na mapafu yaliyomalizwa na moshi wa kuni, na bila mashine ya oksijeni midomo yake ilianza kubadilika rangi kabla hata chai haijapoa. Umeme wa serikali haukupata kufika huko. Jua likiwaka, betri zilishiba na mashine ikanguruma mpaka asubuhi. Uhai wa mama ulikuwa mle ndani ya betri, na kila mtu wa nyumba ile alilijua hilo.

Kisha ukaja ukungu. Ulipanda kutoka bondeni, ukaifunika nyumba, ukakataa kuondoka. Paneli zikawa hazina faida kushinda sinia tupu. Takiya akazima kila kitu, hata redio, akaubana umeme wote kwa ajili ya mashine. Kwa mwendo ule alitumaini betri zingemvusha mama mpaka jua litokeze.

Alasiri wakaja wageni, wazee wa ukoo wa marehemu baba yao, wametoka bonde la pili kumjulia hali mgonjwa. Wakaketi sebuleni, kila mmoja na fungu lake la mirungi, na kwa ukungu ule chumba kikawa giza mchana kweupe. Hizam akaja jikoni, uso umemshuka.

"Rudisha waya wa sebuleni."

"Mishumaa iko kabatini. Wapelekee."

"Mishumaa? Watu wote wanajua tuna sola, leo niwawekee wazee mishumaa? Si ni kuwaambia waondoke?"

"Waambie betri ni za mama."

"Niwapimie wageni umeme? Takiya, unataka wanizike kwa maneno?"

"Bora wakuzike wewe kwa maneno kuliko mama kwa udongo."

Mama aliwasikia. Chumba chake kilipakana na jiko, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. "Nani amekaa gizani?" akauliza.

"Wageni, mama. Ni kidogo tu, wavumilie."

"Washa, mwanangu."

"Mama, betri hazina kitu."

"Jua litatoka. Nyumba ya baba yako haijapata kumkalisha mgeni gizani. Washa, usiniaibishe ningali hai."

Takiya akaurudisha waya. Ndiyo, yeye mwenyewe. Taa za sebuleni zikawaka, wazee wakamwombea mgonjwa dua, kisha simu zikaanza kutoka mifukoni, kila mzee anatafuta pa kuchajia. Hizam akazipokea zote akitabasamu. Takiya hakuweza kuingia kati ya wanaume. Akabaki nyuma ya pazia akimwita kwa kunong'ona, naye, mirungi imejaa shavuni, akampungia mkono: ngoja. Taa nyekundu ya betri kuisha ikawaka. Mara mbili Takiya alishika waya auchomoe, na mara zote mama akamtikisia kichwa kutoka kitandani.

Magharibi, wanaume wakiwa kwenye sala, mashine ikalia kidogo, kisha ikanyamaza. Takiya akauchomoa waya wa sebuleni, lakini betri zilikwisha kauka. Akamwinua mama, akafungua dirisha, akampepea kwa kawa, akapiga ukelele wa kumwita Hizam. Mzee mmoja alisema wampeleke mjini kwa gari, lakini nani angeiona njia katika ukungu ule? Bi Ghaliya alikata roho kabla ya isha, kichwa chake kifuani pa binti yake.

Kesho yake jua likatoka tangu asubuhi, jua la kutia hasira. Walipomaliza kuzika, betri zilikuwa zimejaa pomoni. Hizam akamkuta dada yake amekaa kando ya betri hizo, akashindwa kumtazama.

"Niliiona ile taa nyekundu," akasema. "Nikasema moyoni, wataondoka sasa hivi. Niliona haya kuwaambia, Takiya. Haya tu."

Takiya alitaka kumpiga kofi. Mkono haukuinuka. "Hata mimi niliiona," akasema. "Nikamtii mama."

Kutoka sebuleni mzee mmoja alisikika akiwasimulia waliokuja kuhani kwamba Bi Ghaliya alikuwa mwenyeji hasa, mpaka siku ya kufa kwake hakumwacha mgeni gizani. Watu wakamhimidi Mungu. Takiya akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti, akalia mpaka wale wa sebuleni wakanyamaza.