Lita Kumi na Tano za Akiba

Mafundi wa uwanjani walimbatiza jina la Bahili, na kusema kweli alilistahili. Hakuna rubani aliyejua kubana mafuta kama yeye. Asubuhi hiyo alikuwa na sababu ya kuyabana kuliko siku zote: mjomba wake, mwenye ndege, ameketi kiti cha pembeni kumpima. Wakifika bila kutua njiani kuongeza mafuta, na tangini zimebaki lita kumi na tano za akiba, safari hii ya kusafirisha vifaranga itakuwa yake. Zikipungua hata nusu lita, atarudi mezani kukata tiketi, kazi aliyoifanya miaka minne huku akiapa kila Jumatatu kwamba ataiacha.

Nyuma yao, maboksi ya vifaranga wa siku moja yalipiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu.

Mwanzo mambo yalikwenda kama alivyopanga. Maili tisini na tano kwa saa, injini ikinywa lita ishirini na nne, taratibu, bila presha. Kisha upepo ukageuka na kuwajia usoni. Bahili akatazama vipimo. Upepo ulikuwa unawala maili thelathini na tano, kwa hiyo juu ya ardhi walisogea sitini tu. Barabarani kule chini, lori la mchanga lilikuwa linawapita!

"Punguza moto, mwanangu," mjomba alisema. "Mafuta yakiwa ya kubana, nenda polepole."

Mkono wa Bahili ulikuwa tayari kwenye kishikio cha injini. Ndivyo alivyozoea. Lakini akauachia, akashika penseli na kupiga hesabu kwenye karatasi iliyofungwa pajani. Zimebaki maili mia na ishirini, na lita sitini na mbili. Kwa mwendo huu ni saa mbili, lita arobaini na nane. Tangini zitabaki kumi na nne. Kwaheri vifaranga.

Na akiongeza? Maili mia na kumi na tano, lita thelathini na moja kwa saa. Upepo ukichukua chake, zinabaki themanini. Saa moja na nusu. Lita arobaini na sita na nusu! Akarudia hesabu mara mbili, maana haikumwingia akilini. Injini itakunywa zaidi, lakini itakunywa kwa muda mfupi.

"Mjomba, naongeza."

"Unaongeza nini? Umechanganyikiwa?"

"Tukijivuta, upepo unatula kila dakika. Bora tuutoroke."

Akasukuma kishikio. Injini ikanguruma, vifaranga wakapandisha sauti, naye akajikuta anacheka, raha na woga vimechanganyika. Lori likaachwa nyuma. Mjomba aliukodolea macho mshale wa mafuta kama mtu anayetazama penalti.

Walipotua na propela kutulia, mjomba alipanda ngazi na kijiti cha kupimia. Tangi la kushoto. Tangi la kulia. Akafuta kijiti, akapima upya, mpwa wake amesimama chini.

"Kumi na tano," akasema. "Na nusu."

Bahili aliruka juu, akapiga yowe mpaka wapakuaji wakageuka. Mjomba akamrushia ufunguo wa ndege, akachukua begi lake na kuanza kutembea kuelekea getini.

"Mjomba, unakwenda wapi? Si tunarudi wote?"

"Mimi narudi na basi," akajibu bila kugeuka. "Hizi kilo zangu mia na kumi zitakumalizia mafuta bure."