Ndimi Nyeusi za Dunda

Muhidini alikuwa anakaza mshono wa mwisho wa Juzuu ya Amma pale mpwa wake Feisal alipobisha hodi. Hakuinua uso. Alifunga fundo, akapaka gundi ya unga wa ngano kwenye mgongo wa kitabu, akalaza kipande cha kitambaa juu yake. Kisha akafunika mdomo kwa mkono wa kushoto, ule usiokuwa na gundi, ndipo akaitikia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Pita, keti."

Watu wengi wa Dunda walikuwa wakizungumza hivyo mwezi ule, mkono mdomoni. Wauza samaki walitaja bei nyuma ya kiganja. Mabinti waliokuwa wakienda kuposwa walishauriwa wacheke kidogo.

Jambo lenyewe lilianza na kitabu cha Feisal. Feisal alifundisha watoto madrasa kila alasiri, na nusu ya mtaa ilikuwa imejifunza alifu kwa kijiti chake. Usiku aliandika, na baada ya muda akawa na riwaya ya taharuki aliyoiita *Mashine Haina Udhu*. Ilihusu kamati ya msikiti iliyonunua mashine yenye akili mnemba ili iwajibu watu maswali ya dini kwa sauti ya sheikh aliyefariki. Katikati ya hadithi mweka hazina anakutwa kisimani, na mashine inamjua muuaji, lakini hakuna anayethubutu kuiuliza. Kurasa zilichapwa Dar es Salaam, zikaletwa kwa basi zikiwa zimefungwa kamba, na Muhidini akazijalidi bila kudai ujira, kwa kuwa mwandishi ni mtoto wa dada yake.

Muhidini hakufundishwa kujalidi na mtu. Alijifunza kwa kufumua vitabu vibovu na kuvishona upya. Kanuni aliyojiwekea ni kwamba fundi hasomi. Anatazama namba ya ukurasa chini ya pembe, basi, maana akisoma atasimama, na akisimama gundi itakauka. Nakala zote za Feisal zilipita mikononi mwake kwa njia hiyo. Kitu pekee kilichomwingia machoni kilikuwa kichwa cha sura moja: "Mashine Yapanda Mimbari."

Siku chache baadaye, barazani pa msikiti, wazee walimgeukia.

"Fundi, wewe umekishika chote," alisema Mzee Mwinyimvua, muuza saruji na mabati, mwenyekiti wa kamati. "Kinasema nini hicho?"

Muhidini aliona haya kusema kwamba alikuwa amekishona kitabu cha mpwa wake bila kusoma hata mstari mmoja. Akajibu, "Kina mashine inayopanda mimbari."

"Kuswalisha watu?"

Alikuwa ameshaanza. "Ndivyo," akasema.

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini mjomba ni mjomba, na mtu aliyeshona kila ukurasa ni shahidi asiyehitaji kiapo, kwa hiyo neno lake likaenda mbali kuliko kitabu. Kila mtu akawa na maoni. Mmoja alisema kitabu kinataka maimamu wafukuzwe kazi. Mwingine alisema kimeandikwa na hiyo mashine yenyewe. Hata kule mjini Chalinze, muuza chipsi mmoja kwenye maegesho ya malori alisema kichomwe, na jioni ile akaonja kachumbari yake kwa ulimi mweusi.

Kwanza watu walidhani ni zambarau, ingawa haukuwa msimu wake. Duka la dawa liliuza dawa zote za kusukutua, likaagiza nyingine. Ndimi zikabaki nyeusi kama wino wa ngisi, kuanzia nchani hadi kooni, na kazi zikaendelea. Mara ikafahamika bila mtu kuitangaza kwamba weusi uliwapata wale waliokitolea kitabu maoni bila kukisoma. Waliokaa kimya walibaki na ndimi zao. Waliosoma walibaki na zao pia, wakisifu au wakiponda.

Bwana Msabaha, aliyestaafu kazi ya forodha, ndiye aliyeonyesha namna weusi unavyotoka. Naye alikuwa amekilaani kitabu mapema kama wenzake. Siku umeme ulipokatika akakosa la kufanya, akakisoma hadi mwisho kando ya dirisha, na alipoamka ulimi ulikuwa mwekundu kama wa mtoto mchanga. Alitoka akasema kitabu kibaya, muuaji mtu anamtambua mapema mno. Ulimi ukabaki mwekundu vilevile. Ijumaa iliyofuata, hakuna aliyesogea kumpa nafasi kwenye safu. Tangu siku hiyo Bwana Msabaha hupaka masizi ya sufuria kwenye ulimi kabla ya kwenda msikitini, akitawadha kwa uangalifu yasitoke.

Kukichoma kitabu kulishindikana, kwa kuwa kila sura ilianza kwa Bismillahi, na karatasi yenye jina la Mungu haitupwi wala haifungiwi maandazi. Walionunua wakazirudisha nakala zao kwa Muhidini, azihifadhi pamoja na gunia la vipande vya misahafu iliyochakaa ambavyo alikuwa akienda kuvizika mwenyewe. Alizipokea moja moja. Mgongo wa kitabu kilichosomwa huwa na mikunjo. Hizi zote zilikuwa na migongo laini kama siku alipozitoa chini ya jiwe la kukandamizia.

Sasa Feisal aliketi juu ya kigoda, mbele ya rundo hilo.

"Kesho kwenye kikao cha kunijadili kamati itakusikiliza wewe kwanza, mjomba," alisema. "Wakiamua niondoke madrasa, nitaondoka. Nimekuja kukuomba jambo moja. Kama kuna ukurasa uliokosea dini, nionyeshe leo. Nitaukata kwa mkono wangu, kwa kisu chako hicho, kwenye nakala zote. Kesho nisimame niwaombe radhi."

Muhidini alikitazama kisu.

"Nitakutafutia."

"Ni huku mwanzoni au kule mwishoni?"

"Nimesema nitakutafutia, Feisal."

Feisal aliteremsha macho kwenye bakuli la gundi. Huko chini ndiko mtu mwenye adabu alikokuwa akitazama siku hizo, mkubwa wake akisema naye kwa mkono mdomoni.

"Mama anakusalimu," alisema. "Juzi alikuwa akilia, lakini sasa ametulia. Ameniambia, maadamu mjomba wako amekisoma chote akaona kosa, basi kosa lipo, nikubali."

Aliaga kwa heshima, akavaa ndala zake mlangoni. Muhidini alibaki ameshika sindano isiyo na uzi, masikio yakimuwaka. Juzuu ilikuwa bado haijavikwa jalada. Aliisogeza kando, akanawa mikono hadi gundi ikamtoka kwenye kucha, akachukua nakala ya juu kabisa kwenye rundo, akaifungua. Mgongo ulilia, ka!, kama kifundo cha kidole.

Alisoma kama alivyofanya kila kitu, polepole, rula ya bati chini ya mstari. Mkewe Ashatu alipita na ndoo, akamwona, akaendelea na safari yake. Baadaye alirudi na kioo chake cha mkononi.

"Toa."

Muhidini akatoa ulimi. Ashatu aliuchungulia kama anayetazama koo la mtoto.

"Nchani pameanza kupauka, Baba Sabiha."

Alisoma. Mweka hazina akazama kisimani. Polisi wakaja, wakanywa soda, wakaondoka. Alasiri akaenda kuswali akarudi, akasoma tena. Alipofika kwenye sura ya mimbari aliketi wima.

Katika sura hiyo mtu mmoja wa kamati, mwenye mengi ya kuficha, anaibeba mashine siku ya Ijumaa na kuipandisha mimbarini, ili iwaambie watu kwamba marehemu aliteleza mwenyewe. Msikiti umejaa. Mashine inanyamaza hadi watu wanaanza kukohoa. Kisha inasema kwa sauti ya sheikh aliyefariki: "Mimi sina udhu. Niteremsheni." Inajizima, na wanaibeba kuishusha kama jeneza.

Muhidini aliirudia sura nzima, neno kwa neno, akitafuta kosa la kukata. Hakulipata. Alirudi nyuma akipekua hadi mwanzo wa kitabu, akaja tena hadi pale, na kisu kikabaki mezani kilipokuwa.

"Pamebaki huku nyuma tu," alisema Ashatu, kioo mkononi. "Kama punje ya pilipili manga."

"Imebaki sura moja."

"Basi malizia."

Alikuwa amelaza rula chini ya mstari wa kwanza wa sura hiyo ya mwisho pikipiki iliposimama nje.

"Hodi, fundi! Shikamoo. Bi Ashatu, shikamoo." Alikuwa Abuu, dereva wa bodaboda, mtu pekee wa Dunda asiyefunika mdomo. Alikuwa na maoni juu ya kitabu kila alipopakia abiria, na ulimi wake aliuonyesha kama mwingine anavyoonyesha jino la dhahabu.

"Marahaba," alijibu Muhidini. "Kuna nini?"

"Mzee Mwinyimvua kanituma nipite kwa mashahidi wote wa kesho. Natazama ndimi. Unisamehe, mzee wangu, si mimi, ni kamati."

"Za nini?"

"Mzee kasema aliyekisoma kimeshamwingia, hawezi kusikilizwa. Wanataka weusi tu. Bwana Msabaha jina lake nimelikata sasa hivi. Nimempitishia kidole, kumbe masizi!" Abuu akacheka hadi ulimi wote ukaonekana. "Mtu mzima yule. Haya, fundi, toa tumalize."

Muhidini alimtazama mkewe. Ashatu alikitia kioo ndani ya kanga na kutazama rundo la vitabu.

Angeweza kusema kwamba amekisoma na kosa halimo. Kilihitajika kitu kidogo sana, sentensi fupi kuliko zote alizokuwa amesoma siku ile. Kesho wangemwuliza kwa nini barazani alisema alivyosema, na angelazimika kuwaambia, mbele ya Mzee Mwinyimvua, mbele ya dada yake, kwamba alikuwa hajasoma.

Alifungua mdomo, akatoa ulimi.

Abuu aliwasha tochi ya simu, akainama. "He! Mbona mbele hapa pekundu? Umekula nini, fundi?"

Abuu aliinama zaidi, akipumua kwa bidii ya kazi.

"Aa, huo hapo. Kule nyuma kabisa. Mdogo, lakini mweusi tii. Unatosha." Akazima tochi. "Usiupige mswaki leo, ukatutia aibu. Saa nne asubuhi, mzee wangu."

Pikipiki iliondoka. Muhidini alikaa na kitabu wazi mapajani. Katika kurasa zile chache zilizobaki kulikuwa na jina la muuaji, na muda mrefu ulikuwa umepita tangu atamani kujua kitu chochote kwa kiasi kile. Alikata kipande cha uzi, akakilaza alipofikia, akafunga kitabu na kukiweka chini ya jiwe. Juzuu isiyo na jalada akaiweka juu ya rafu, mahali pa heshima. Kisha akalowanisha kitambaa afunike bakuli la gundi.

"Humalizii?" aliuliza Ashatu.

"Kesho."

"Kabla ya kikao?"

Alibana kingo za kitambaa kuzunguka bakuli, pande zote, upepo usiingie. Muadhini alikuwa ameanza kuadhini magharibi.

"Baada," alisema Muhidini, na ingawa walikuwa wawili tu chumbani, alifunika mdomo.