Mguu Uliorudi Kazini

Oomawtee alikuwa anakanda unga wa farata, chapati za kwao, mguu wa mumewe ulipoingia kwa mlango wa jikoni. Ulisimama kando ya ndoo ya maji, ukajipangusa matope kwenye gunia, vilevile ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa bado na mwenyewe. Aliutambua kwa kovu la panga lililokatiza kwenye muundi, na kwa ukucha wa kidole gumba uliokuwa mweusi tangu mwaka waliooana. Ulikuwa mguu wa kulia, umekatwa chini ya goti. Hospitali kubwa iliuondoa mwanzoni mwa mavuno ya miwa, na hakuna aliyewaambia umezikwa wapi.

Oomawtee alifunika donge la unga kwa kitambaa kibichi, akanawa mikono, akatoka barazani. Sewpal alikuwa kwenye kiti chake cha matete, akisikiliza redio.

"Baba Rajni, umerudi."

"Nani?"

"Mguu wako."

Sewpal akapunguza sauti ya redio. "Bado una kidonda?"

"Kimepona."

"Basi upe mahali pa kukaa. Usisimame kwenye sakafu ya baridi."

Kijijini Bonne-Attente jambo hilo halikumshtua mtu. Ni kijiji cha miwa kama vijiji vingine vya Morisi, na miguu ya watu wake ilikuwa na tabia ya kurudi. Mguu wa marehemu Dhunnoo uliwahi kufika kabla mwenyewe hajatoka hospitali, na mkewe akaulaza kwenye kitanda cha mtoto. Majirani walikuja kumpa Sewpal pole na hongera kwa pamoja. Walileta kichane cha ndizi mbivu, kisha wakakumbuka kwamba mwenye nyumba hatakiwi kula ndizi nyingi, wakaondoka nazo.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa kiu. Sewpal alikuwa akimaliza birika la maji kabla ya kuvua kofia, na usiku akawa anatoka kwenda haja ndogo mpaka mbwa akachoka kumbwekea. Akakonda, na hali anakula kama watu wawili. Asubuhi moja Oomawtee aliona sisimizi wamejipanga kwenye mgomba ambapo mumewe alikuwa akikojolea, mstari mnene, wa kwenda na kurudi.

"Mkojo wako una sukari," alimwambia.

"Mtu aliyezaliwa ndani ya miwa," Sewpal alijibu, "itakosaje kumwingia?"

Hata hivyo alikwenda zahanati. Muuguzi Clélie, mwanamke mnene aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, alichovya kijiti kwenye mkojo wake na kijiti kikageuka kutoka buluu mpaka rangi ya chungwa. Akampa vidonge. Akamwambia asitembee peku, asikose mlo, atazame nyayo zake kila siku, kwa maana kisukari huua hisia za miguu kwanza na mguu wenyewe baadaye. Sewpal alimeza vidonge mpaka kiu ilipokatika, akaviweka juu ya kabati. Dawa ni ya mgonjwa, alisema, na yeye sasa ni mzima.

Shambani maji ya kunywa yalikuwa mbali na miwa ilikuwa karibu. Wakataji walitafuna miwa tangu alfajiri mpaka king'ora cha kiwanda, hicho ndicho kilikuwa chakula chao na maji yao. Walivaa raba za turubai. Kila msimu Sewpal alimwomba nyapara Bissoon buti, kwa sababu visiki vya miwa iliyokatwa huchongoka kama mikuki, na kila msimu Bissoon alijibu kwa adabu kwamba ofisi inalifikiria. Mwaka huo kisiki kilipita kwenye raba na kuingia wayo. Sewpal alirudi nyumbani, akaona alama za damu sakafuni, akauliza ni nani amejikata. Kidonda kilipoanza kunuka, vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi.

Kesho yake baada ya kurudi, mguu ulitoka kabla jua halijachomoza, ukaenda kusimama barabarani penye lori la wafanyakazi. Oomawtee, ambaye alikuwa mpalizi katika shamba hilohilo, alipanda lori lilelile. Nyapara Bissoon alishusha ubao wa nyuma na kuupandisha mguu kwa mikono miwili, akauweka mbele, karibu na magunia, pamoja na miguu mingine ya Bonne-Attente. Kutwa nzima ilitembea kwenye mistari, ikikanyaga na kulaza majani makavu ili miche ipate kivuli. Haikuomba maji. Jioni mguu wa Sewpal ulirudi umevaa buti.

Sewpal aliuweka mapajani, akalichunguza buti. Lilikuwa jipya, la ngozi nyeusi, lenye soli nene na chuma kwenye vidole.

"Ndiyo haya haya," alisema. "Ndiyo niliyokuwa naomba."

"Ni moja tu," Oomawtee alisema.

"Mguu mmoja, buti moja." Akalegeza kamba. "Wameufunga sana. Mguu unavimba jioni, hawajui?"

Maisha yao yakafuata taratibu mpya. Clélie alimfundisha Oomawtee kuchoma sindano ya insulini kwanza kwenye papai bichi, kisha kwenye tumbo la mumewe. Oomawtee alisema papai lilikuwa halisemi sana. Kila jioni alijaza beseni maji ya vuguvugu, akayapima kwa kiwiko chake, kwa kuwa mguu wa Sewpal uliobaki haukuweza tena kuaminiwa kujua moto na baridi. Aliuosha, akaukausha katikati ya vidole, akatazama wayo kwa kipande cha kioo. Na mguu uliotoka kazini aliuosha pia, ingawa haukuhitaji. Asingeweza kuosha mmoja na kuuacha mwenzake ukitazama.

Sukari aliiondoa nyumbani yote, akampa jirani yake Phoolmatee. Wali akaupunguza.

"Mama Rajni," Sewpal alisema siku ya kwanza, "huu ni wali au umemwagia ndege?"

"Ndege ana miguu yake yote miwili. Kula."

Lakini rangi ya kijiti ilicheza. Leo buluu, kesho chungwa, keshokutwa kijani. Clélie alitikisa kichwa. "Sukari yake inabembea. Ikipanda itamla polepole, ila ikishuka itamwangusha papo hapo. Sindano bila chakula usithubutu. Ukiona anatoka jasho bila jua, anatetemeka, anasema ovyo, usikae kumuuliza. Mpe sukari kwanza, maswali baadaye."

Lililomsumbua Sewpal halikuwa wali. Kila alfajiri alisikia mguu wake ukishuka ngazi, akakaa barazani akiuwaza. Nilifanya kazi nao tangu utoto, alimwambia mkewe; walipoukata nikasema angalau wenyewe utapumzika. Kwa hiyo Jumanne moja, siku ya mungu Hanuman, aliamua kufunga. Alikaa uani chini ya bendera nyekundu iliyopepea kwenye mlingoti wa mwanzi, akaomba mguu uachwe ukae nyumbani. Sindano alikuwa ameshachomwa. Farata na dengu alizowekewa alimpa mbwa.

Oomawtee siku hiyo alibaki nyumbani kufua. Alipopita na kapu la nguo alimwona Sewpal ameloa shati zima, na upepo ulikuwa wa baridi.

"Baba Rajni, umekula?"

"Mwizi wewe," Sewpal alisema. Macho yake yalimtazama kana kwamba yeye ni mgeni. "Umenichukulia mguu wangu. Niitie mama Rajni, yeye atakuonyesha."

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita jina baya. Oomawtee alimgusa shingo, ikawa baridi na yenye maji kama samaki. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Akalidondosha kapu. Nyumbani hamkuwa na punje ya sukari, na Phoolmatee alikuwa shambani na amefunga mlango.

Alikimbilia chumbani, akapeleka mkono nyuma ya picha ya mungu Lakshmi, akatoa kopo la maziwa mazito matamu ambalo Sewpal alilificha huko. Siku zote alijua lipo. Alijifanya hajui, kwa sababu kwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu hata siri ni mali. Alimkalisha wima, akaanza kumlisha kijiko kwa kijiko, kidogo kidogo ili asipaliwe, huku yeye akimtukana na kumeza. Matusi yakapungua. Jasho likakauka. Mwishowe Sewpal akalamba mdomo na kulitazama kopo.

"Umelipata wapi hilo?"

"Pale ulipoliweka."

Akapangusa mdomo kwa aibu. "Nilikuwa wapi mimi?"

"Mlangoni. Ulibakiza kutoka tu." Akamletea farata nyingine na dengu, akasimama juu ya kichwa chake mpaka akamaliza. Kisha akarudi kwenye kapu, akaokota nguo moja moja, akazianika.

Kabla nguo hazijakauka, lori lilisimama nje. Bissoon aliingia uani akiwa ameubeba mguu kwenye gunia kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Shemeji, mguu wenu umeanguka katikati ya mstari. Umetetemeka, ukatoka jasho, ukalala. Ofisi imeuliza."

"Hata mwenyewe alianguka," Oomawtee alisema.

Bissoon alimtazama Sewpal barazani, akautazama mguu, akaelewa. Kesho yake gari la shamba lilileta daktari ambaye hajawahi kuonekana katika nyumba yoyote ya Bonne-Attente. Alikuwa kijana mpole, ana mashine ndogo ya kupima damu. Alimtoboa Sewpal kidole, akasoma namba, akabadilisha kipimo cha sindano, akaacha vijiti tele na kopo la vidonge vya sukari vya kuweka mfukoni.

"Kuanzia sasa nitakuja kila wiki," alisema. "Ofisi haitaki mguu uanguke tena."

"Na mimi je?" Sewpal aliuliza.

Daktari alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Wewe ndiye unayetegemewa na mguu," alisema.

Tangu hapo sukari ya Sewpal ikatulia. Kijiti kikawa cha buluu, siku baada ya siku. Alinenepa kidogo, akaacha kuficha makopo, na hakufunga tena. Mguu haukukosa kazi hata siku moja.

Jioni moja, Oomawtee na Phoolmatee wakitembea kutoka lori liliposimama, Phoolmatee alisimama ghafla akacheka.

"We mama Rajni, raba yako ya pili umemwachia nani?"

Oomawtee alitazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa peku, vumbi mpaka kwenye kifundo. Hakujua ulikuwa hivyo tangu wapi. Alicheka na yeye, kisha akakumbuka kwamba siku hizi chupa yake ya maji huisha kabla hajafika shambani, na kwamba alikuwa akilaumu jua. Akaacha kucheka.

Nyumbani alivua raba iliyobaki. Alijaza beseni, akapima maji kwa kiwiko. Sewpal alimtazama anavyokanyaga.

"Lete huo."

"Nianze na wako."

"Lete mguu, mama Rajni."

Akaupakata, akaugeuza kwenye taa, akaweka kioo. Chini ya vidole kulikuwa na kibanzi cha muwa kilichozama chote, ngozi imeanza kuwa nyekundu pembeni. Akakishika kwa kibano na kukivuta. Kilikuwa kirefu kama njiti ya kiberiti. Oomawtee alikuwa akitazama ukutani.

"Umekitoa?"

Sewpal alikiweka kibanzi kando. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye masharubu, na aliendelea kuukausha mguu wa mkewe katikati ya vidole, kwa utaratibu uleule aliokuwa akifanyiwa. Kisha akampa kijiti aende nacho uani. Kilirudi rangi ya chungwa.

Clélie alisema wamewahi. Alisafisha kidonda, akampa vidonge, akamwambia asiviache hata akijisikia mzima, na asiukanyagie mguu huo mpaka ufunge. Au kama hana budi kwenda shambani, basi apate kazi ya kukaa na viatu vya maana.

Hakuwa na budi. Binti yao Rajni alikuwa akifuma sweta kiwandani, mjini Curepipe, na alikuwa na watoto wake wa kulisha.

Alfajiri ya Jumatatu Sewpal aliuita mguu wake, akaufungua kamba, akalivua buti na kumkabidhi mkewe. Mguu ulisimama peku kizingitini, ukingoja bila kinyongo. Oomawtee alilijaribu. Buti lilikuwa la kulia, na kidonda chake kilikuwa kushoto. Akalirudisha, akaufunga mguu kamba, akazilegeza kidogo kwa ajili ya uvimbe wa jioni. Sewpal akamfunga bandeji safi, akamvalisha soksi mbili juu yake, akamtia vidonge mfukoni na farata kwenye kitambaa, akamwambia ale kwa wakati wake hata nyapara akifoka.

Barabarani Bissoon alishusha ubao, akaupandisha mguu kwanza.

"Nyapara," Oomawtee alisema, "nimeingiwa na sukari. Nina kidonda. Naomba kazi ya kukaa, na buti."

Bissoon aliutazama mguu wake wa kushoto kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya; mguu wa mama yake mwenyewe ulikuwa pale mbele, karibu na magunia.

"Shemeji, kazi za kukaa zimejaa. Na mabuti ni ya miguu inayokuja peke yake. Miguu yenye watu, ofisi bado inalifikiria." Akampa mkono apande. "Ila wako ukija, usiwe na wasiwasi. Nitauweka kando ya huu wa baba Rajni, isiwe mbalimbali."

"Hautakuja," Oomawtee alisema.

"Sawa, shemeji," alisema Bissoon. Akafunga ubao, akaenda mbele, na kwa adabu akayasogeza magunia kidogo, akaacha nafasi ya mguu mmoja.